Wewe Si Umekaa Tu

Jumatatu, 11 Agosti

Samahani daftari. Mara ya mwisho nilipoandika humu Shafi hakuwa na jino hata moja, sasa anang'ata watu. Sababu ya maana sina. Usingizi tu.

Leo kama siku zote. Saa kumi na moja macho, uji, Nuru nimemvalisha sare, Shafi nimempeleka mlango wa pili kwa Mama Shani. Kalia. Huwa analia mpaka nifike bombani, halafu kimya. Mama Shani anasema ananyamaza kwa kuwa ameshanisahau. Anasema kwa utani. Sijui.

Nimemwachia na nguo za Shafi za kufua. Nikamwambia nisaidie, wewe si umekaa tu.

Dukani mzigo umeingia. Mashuka, marobota kwa marobota. Nimekunja mpaka vidole vimekufa ganzi. Siku ya mzigo Mangi, mwenye duka, haongei, ananunua chai na chapati kwa wote, basi.

Nimerudi nimekuta maziwa ya unga ya Shafi yameshuka. Kopo ni la plastiki, ndani kunaonekana. Nimelifungua mwenyewe Jumamosi. Mtoto mmoja wa mwaka na nusu anakunywa hivyo? Mama Shani ana wake wa miaka miwili, na yule naye mdomo anao.

Nimechora mstari kwa peni.

Jumatano, 13 Agosti

Maziwa yako pale pale karibu na mstari. Yameshuka kidogo, kama inavyotakiwa. Labda ameuona mstari.

Niandike na hili la pesa za kaya maskini, maana linanikosesha raha. Mwezi uliopita walipita nyumba kwa nyumba na kishikwambi wakiandikisha wapya na kuhakiki wa zamani. Mama Shani yumo siku nyingi. Watoto watatu, baba yao kahamia Mbagala kwa mwanamke mwingine, kipato hana. Kila baada ya muda ujumbe wa pesa unaingia kwenye simu yake, siku hiyo uani kunanukia kuku. Na mimi nikajiandikisha. Baba wa wanangu naye nasikia yuko Tunduru, simu yake haipokelewi, tofauti yetu ni nini? Yule dada wa kishikwambi akaniuliza kazi. Nikasema sina, nabangaiza. Akaniachia fomu nijaze yaliyobaki.

Si uongo mtupu. Mkataba sina. Nisipokwenda silipwi. Nikiumwa silipwi. Shafi akiumwa silipwi. Hiyo nayo ni kazi?

Jioni nimemkuta Mama Shani barazani na Mzee Salumu, mjumbe wetu. Nilivyotokea wakanyamaza. Nikaamkia, shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, za kazi?

Za kazi. Kwa nini aseme za kazi? Juzi kaniuliza za watoto.

Ijumaa, 15 Agosti

Majina yamebandikwa ofisi ya mtaa. Nimepita kabla ya kwenda dukani. Karatasi ya kwanza, waliopendekezwa. Mama Shani yumo. Karatasi ya pili, walioachwa. Mimi nimo, na mbele ya jina langu wameandika "ana ajira".

Nimesoma mara tatu. Mama mmoja nyuma yangu akasema hongera dada, wenzio tunaitafuta hiyo. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Nani kawaambia? Wapangaji wenzetu wanatoka alfajiri wanarudi giza limeshaingia, hata wakiulizwa nafanya nini hawajui. Anayejua natoka saa ngapi, narudi saa ngapi, nalipwa siku gani ni mmoja tu. Anajua kwa sababu nikilipwa ndipo na yeye namlipa.

Jioni nimemchukua mtoto, nimesema asante. Akaniuliza, "Mbona umevimba hivyo, Mama Nuru? Nani kakudhulumu?" Nikasema nimechoka. Akacheka. "Usichoke wewe mwenye kazi. Sisi wa kukaa tu tusemeje?"

Anajua alichokifanya.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimewaza kutwa nzima huku nakunja. Yeye anapewa kwa kuwa anakaa na wanawe. Mimi sipewi kwa kuwa wangu nimemwachia yeye. Nikimlipa yeye, nikalipa chumba, kinachobaki hakimzidi yeye kwa chochote. Halafu mimi ndiye wa kuamka saa kumi na moja. Mimi ndiye mtoto wangu ameanza kutembea sipo, nikaambiwa.

Leo nimemlipa. Akasema Mungu akuzidishie. Nikaitikia amina kwa mdomo.

Kesho mkutano wa mtaa. Watasoma majina hadharani, watu waseme nani anastahili na nani hastahili. Sina wivu. Nimeandika sina wivu, nimeyaangalia maneno. Ninao.

Jumapili, 17 Agosti

Nimefanya.

Niandike ilivyokuwa. Viti vya plastiki viliazimwa msikitini, wengine tumesimama. Mtendaji anasoma jina, anauliza, watu wanajibu. Bibi mmoja kipofu, wote wakasema anastahili, hata hakuulizwa. Mwanamke wa nyumba ya kona, mtu akapaza sauti, "Huyo ana friji!" Naye kasimama juu, "Friji bovu, naweka nguo za watoto! Njoo ufungue uone!" Kicheko. Wakampitisha.

Likasomwa jina la Mama Shani. Mwenye neno? Mkono wangu ukawa juu. Nikasema, "Ananilelea mtoto, namlipa kila Jumamosi." Basi. Sikutia chumvi. Ni kweli tupu.

Watu wakaguna. Mtu akasema makubwa haya. Yule dada akabonyeza kishikwambi chake, jina likahamia karatasi ya pili.

Mama Shani hakunitazama. Alikuwa amempakata Shafi. Mwanangu alimng'ang'ania tangu tunafika, akakataa kuja kwangu. Nilisimama nikamsema mbele za watu, na mtoto wangu kalala kifuani kwake.

Nilidhani nitasikia nafuu. Sijaisikia.

Jumatatu, 18 Agosti

Alifungua mlango nusu. Nilimnyooshea mtoto kama siku zote, kama mjinga.

Akasema, "Fua hizi, si umekaa tu. Mpe dawa saa nane, si umekaa tu. Mwaka mzima wimbo ni huo. Jana mbele za watu ndiyo imekuwa kazi? Haya, kazi yenyewe nimeacha, mwenzangu."

Akanipa mfuko wa nguo za Shafi. Zimefuliwa. Zimepigwa pasi. Mimi mama yake sijawahi kumpigia pasi.

Nikamjibu, sikukaa kimya. Nikasema umeanza wewe, wewe ndiye uliyenichoma kule ofisini. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu mwenye homa. "Nikuchome nipate nini? Wewe ukikosa kazi, mimi Jumamosi ananilipa nani?"

Mlango ukafungwa.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Wiki nzima nawaza, hilo halikunijia hata mara moja.

Dukani sikwenda. Nimempigia Mangi, nimesema mtoto anaumwa. Uongo mwingine.

Jumanne, 19 Agosti

Nimekwenda na Shafi. Nimemkalisha kwenye kona juu ya maboksi, nikampa kamba ya robota achezee. Mpaka saa nne mambo mazuri.

Mangi akaja kumtazama. Akasema kumbe una dume. Halafu akakumbuka kitu, akafurahi. "Wale wa serikali ya mtaa walinipigia wiki iliyopita. Nikakupamba, dada! Nikawaambia huyu ana mwaka kwangu, hachelewi, hajaniibia hata kamba. Vipi, mkopo wametoa?"

Nikakunjua shuka nililokuwa nimeshalikunja.

Ile fomu ilikuwa na mahali pa mdhamini. Fomu gani haina? Ya chumba ina mdhamini, ya shule ya Nuru ina mdhamini. Mtu unajaza mwenye uzito, mwenye duka, ambaye akipigiwa hatakuaibisha. Nikajaza Mangi. Namba yake naijua kwa kichwa. Na Mangi hakuniaibisha.

Kwa hiyo ni mimi. Kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nikasema bado bosi, hawajatoa. Akasema watatoa tu, maneno niliyowapa ni mazito.

Saa saba Shafi kakojolea shuka la sita kwa sita, jeupe. Mangi kaliinua kwa vidole viwili. Hakugomba. Alisema leo sawa, kesho hapana, mteja hawezi kununua shuka lenye maji ya mtu.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeshinda ndani. Shafi amelia mlangoni kwa Mama Shani mara mbili. Mara mbili nimekwenda kumtoa.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimemfuata uani anaosha vyombo. Nimechuchumaa, nimemwambia yote. Mdhamini, simu ya Mangi, yote. Nikasema nimekukosea, Mama Shani, nisamehe.

Akaendelea kusugua sufuria. Kisha akasema, "Na ule mstari wako niliuona."

Nikavuta sufuria nyingine, nikaisuuza.

"Nilikuwa namkorogea mepesi ili yasishuke sana, usije ukaniita mwizi. Maziwa mepesi hayamshibishi. Nikawa namjazia kwa uji wa wanangu. Mwanao ana tumbo, Mama Nuru. Anakula. Ungeniuliza tu."

Nimelia. Yeye hakulia. Alisema, "Nimekusikia," akabeba vyombo vyake akaingia ndani. Kusikia si kusamehe. Najua.

Ijumaa, 22 Agosti

Ofisi ya mtaa. Yule dada alidhani nimekuja kufuta maneno. Nikasema sifuti. Jumapili nilisema kweli. Ila leo si kweli tena. Simlipi, maana simwachii mtoto. Simwachii mtoto, kwa hiyo sina kazi.

Akaniuliza, "Yaani wiki iliyopita wote wawili mlikuwa na kazi, wiki hii wote hamna? Nani kawafukuza?"

Nikasema tumefukuzana wenyewe.

Nikamuuliza na mimi. Angekuwa ananilelea bure angeandikwa nini? Akasema, hana kazi. Na ningekuwa namlipa kibaba cha unga? Akafikiri, akasema inategemea. Inategemea nini? Akaangalia kishikwambi kama kitamnong'oneza.

Nikamwambia neno moja, nikalisema taratibu maana si kosa lake, na yeye ni mzazi, mshono wa kujifungua bado unamkalisha upande. Nikasema mtoto lazima akae na mtu. Akikaa na mamake mnaita umaskini. Akikaa na jirani mnaita ajira. Mtoto ni yule yule, na nepi ni ile ile.

Alinipa fomu mbili za malalamiko, yangu na ya Mama Shani. Kila mmoja alete vielelezo vyake. Ya kwangu nimeijaza pale pale. Pa mdhamini nimepaacha wazi.

Ya Mama Shani nimeipitisha chini ya mlango wake.

Jumanne, 26 Agosti

Mangi amepata mwingine. Hakulisema kwa ubaya. Alinipa na lile shuka la Shafi, akasema nani atalinunua.

Jana nimeanza kumenya vitunguu saumu sokoni. Tunakaa chini kina mama kama kumi, vinapimwa kwa kilo, vya hotelini. Hela ni kidogo kuliko dukani, vidole vinawaka, lakini watoto wapo na sisi, wanalala kwenye viroba, hakuna anayeuliza. Safari hii nikiulizwa kazi nitasema namenya vitunguu saumu. Waandike wanavyojua.

Asubuhi nikiwa bombani Shafi alinitoroka. Nikamkuta kashika mlango wa pili, anaupiga kwa kiganja. Ukafunguliwa. Mama Shani akamtazama, akanitazama, akaufungua wote. Nilimchotea maji yake ndoo mbili nikaziweka kizingitini. Baada ya nusu saa mtoto kanirudia na uji mdomoni.

Fomu yake nimeiona ipo mezani kwake, imejazwa.

Mchana nimempigia mama yangu kule Lindi. Nimemweleza, kanigombeza, kisha kasema atume nini. Pesa nimemkataza, hana. Basi la Alhamisi kuna konda tunayemfahamu. Naandika hapa vielelezo na mengineyo, nisisahau nikimpigia tena kesho:

Kadi ya kliniki ya Nuru, iko kwenye sanduku lake, chini kabisa, ndani ya mfuko wa sukari.

Cheti changu cha kuzaliwa. Chenyewe, si nakala kivuli.

Barua ya mwenyekiti wa kijiji kwamba baba wa watoto hayupo huko wala hatumi kitu. Iwe na muhuri, asiipokee bila muhuri.

Mbeleko nzito, ile ya kitenge. Kanga zinateleza nikiinama.

Korosho kilo moja, nzima, zisizovunjika. Hizo azifunge peke yake, na juu aandike Mama Shani, asiandike mimi.