Jina Chini ya Kibati

Negaunee, 3 Septemba 1994

Mdogo wangu Arvo,

"Bunduki ya marehemu ni ya mwanawe wa kiume, na hilo halina mjadala." Hayo ni maneno yako uliyomwandikia Reino, mkuu wa kambi yetu ya uwindaji, naye akanisomea jikoni kwangu huku akitazama viatu vyake. Salamu zitangulie hata hivyo. Mimi ni mzima, isipokuwa goti ambalo halitaki ngazi. Hujambo wewe? Mkeo Donna naye?

Sasa tulijadili hilo lisilo na mjadala. Baba tulimzika Aprili. Mei ulikuja na gari, ukaishusha bunduki kutoka juu ya mlango wa kambi, ukaondoka nayo hadi Detroit. Bunduki ile haikuwa ya Baba. Onni Lahti alipoangukiwa na mwamba mgodini mwaka 1961, mjane wake Aune alimwazima Baba bunduki hiyo, kwa sharti la paja moja la kulungu kila Novemba. Vuli thelathini na tatu Baba alilipeleka, limefungwa kwenye gazeti. Mwaka ule ulipovunja jino, ulilibeba wewe mwenyewe.

Mjukuu wa Aune, Sylvi, ametimiza miaka kumi na tisa na anaingia msituni mara ya kwanza siku msimu wa kulungu unapofunguliwa, tarehe kumi na tano Novemba. Mama Aune anataka aingie na bunduki ya babu yake. Ana miaka themanini na minane na hana muda wa kusubiri aibu yako iive. Irudishe.

Dada yako,
Lempi


Detroit, 17 Septemba 1994

Dada Lempi,

Habari za huko? Sisi tu wazima, gari zinauzika kidogo, Donna anakusalimu. Barua yako niliisoma kwa sauti, akaniuliza kama nimeshtakiwa. Dada, mimi si diwani unayemchapa gazetini kila Alhamisi.

Nimeipeleka bunduki kwa muuzaji mmoja wa bunduki wa hapa. Kaiangalia dakika tatu. Ni Remington Model 8, inajipakia yenyewe, risasi za .35, mtutu unarudi nyuma ndani ya ala yake kila ikilia. Zilitengenezwa maelfu kwa maelfu. Kwa ilivyochakaa, dola mia tatu, labda nne ukimpata mjinga. Nikaona haya kuining'iniza sebuleni na makovu yale, basi imepigwa msasa na chuma kimetiwa weusi upya. Inang'aa kama kiatu cha harusi. Ungeiona ungenyamaza, kitu ambacho ningelipia.

Bunduki zote za namna hii zinafanana. Bibi yako ana ushahidi gani kwamba hii ndiyo ya Onni? Mwambie asiwe na wasiwasi, paja nitampelekea mimi, hata la ng'ombe.

Mdogo wako,
Arvo


Negaunee, 24 Septemba 1994

Arvo,

Natumaini mna afya. Mimi nilikuwa nayo mpaka nilipofika kwenye "kiatu cha harusi".

Kuna mzee mmoja mjini Marquette anayekusanya bunduki za aina hiyo. Nilimpigia simu nikamweleza. Akasema: "Ikiwa na makovu yake na weusi wake wa kiwandani, hata uliofifia, mia nane naitoa leo." Nikamwambia imepigwa msasa. Akauliza, "Nani kafanya hivyo?" kwa sauti ya mtu aliyekuta mbwa amekojolea mkate. Mia tatu, akasema, na hapo ni kwa kumhurumia mwenyewe. Muuzaji wako wa dakika tatu hakukosea, basi. Alikupa mapema bei ya kitu ambacho ulikuwa hujamaliza kukiharibu.

Nikaenda kwa Mama Aune. Alikuwa anaoka pasti, ile mikate ya nyama na viazi, akaniweka kiti, akanimenyesha viazi.

"Anataka ushahidi," nikamwambia.

"Nani, Arvo? Yule aliyekuwa analia akiona kuku anachinjwa?"

"Huyo huyo. Sasa ni mwanamume."

"Alishapona kulia, basi. Hilo ni jambo." Akafuta unga mikononi, akatoa kopo la biskuti, na ndani yake stakabadhi ya duka la kampuni ya mgodi, Oktoba 1931. Onni alilipa miezi kumi na minne. Namba ya bunduki imeandikwa kwa wino, inaishia 417. Tena akasema: "Afungue skrubu mbili za kile kibati kinachofunika kitako cha bunduki. Onni alichoma jina lake kwenye mbao, kwa msumari wa moto, mbele ya jiko hili hili. Jikoni pakanuka siku mbili."

Mambo mawili tu, Arvo. Namba iko ubavuni, upande wa kushoto. Jina liko chini ya kibati. Tazama, uniandikie.

Lempi


Detroit, 9 Oktoba 1994

Dada,

Salamu. Donna ana mafua, mimi sijambo.

Nimefanya ulivyoagiza. Nimefungua skrubu zote mbili, nikatoa kibati, nikatazama kwa tochi. Hakuna jina. Hakuna hata herufi. Mbao ni safi, nyeupe kama maziwa, kama imetoka kwa seremala leo. Mpe pole bibi. Uzee unachanganya mambo. Pengine Onni alikuwa na bunduki nyingine.

Kwangu mimi yamekwisha. Tuongelee mengine. Theluji imeanza huko?

Arvo


Negaunee, 13 Oktoba 1994

Arvo,

Mpe Donna pole ya mafua. Theluji bado.

Nilikuuliza mawili, ukajibu moja. Namba umeiruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Basi na tuliache hilo, maana hilo moja ulilojibu linatosha kukumaliza.

Mbao ya mti wa mjozi iliyokaa chini ya kibati miaka sitini na mitatu haiwi nyeupe. Imekunywa mafuta ya bunduki, jasho na kutu ya chuma. Inakuwa nyeusi kama kahawa ya kambini. Nyeupe maana yake imekatwa juzi. Na mtu anayesafisha bunduki kwa nje hapigi msasa mahali ambapo kibati kitapafunika. Anafanya hivyo mtu anayekijua kilichopo pale. Weka kibati mahali pake utazame: utakuta kimejitokeza kingoni na hakikai sawa, kwa sababu mbao imepungua. Nawe umepungua, lakini wewe hupimwi kwa rula.

Nimeandika gazetini miaka ishirini juu ya wezi wa aina nyingi, wengine wakiwa na tai. Hakuna aliyenichukiza kama wewe. Mwizi huchukua kitu. Wewe ulikaa na randa mkononi ukalichuna jina la marehemu, utando baada ya utando, kisha ukaniandikia kwamba mjane wake amechanganyikiwa.

Nani alishika hiyo randa?

Lempi


Detroit, 27 Oktoba 1994

Dada,

Mimi. Gereji kwangu, mwezi Mei, wiki ile ile niliyorudi. Nilifungua kibati ili nisafishe, nikalikuta jina. O. LAHTI. Niliketi nalo muda mrefu.

Wewe una nyumba ya Baba, una kiti chake, kofia yake iko kwenye msumari. Mimi nilikuwa na ile bunduki. Nilidhani jina likitoka itakuwa ya Baba. Haikuwa. Siku hizi siitazami.

Reino alijua. Nilimwambia Juni, Waino na Carl wa kambini wakisikia. Alisema wanaume wa kambi hawaingilii mambo ya familia.

Arvo


Negaunee, 1 Novemba 1994

Arvo, na nyinyi wanaume wa kambi, Reino, Waino na Carl, maana nakala ya barua hii naipigilia leo kwenye ukuta wa kambi,

Nawasalimu wote, nikiamini mko wazima na mnakula vizuri. Kula mnajua.

Arvo, kofia ya Baba nimeitoa msumarini. Iko kwenye kifurushi hiki. Ungeiomba Aprili ningekupa.

Nyinyi watatu, ukutani hapo mmetundika mikia ya mashati, yale mapindo ya nyuma mnayoyakata, ya kila mtu aliyewahi kumkosa kulungu, jina na tarehe, na kila mwaka mnacheka mpaka mnakohoa. Mlimwona Baba akikata paja la Aune vuli thelathini na tatu, kabla ya mtu yeyote kugusa nyama. Mlijua ni ya nani. Mkanyamaza mkauita unyamavu wenu heshima. Leteni mkasi. Kateni mashati yenu wenyewe, andikeni majina yenu na mwezi wa Juni, mtundike hapa chini ya barua hii kabla msimu haujafunguliwa.

Na wewe, Arvo. Tarehe kumi na nne, kabla ya sauna, ile kuoga kwenu kwa mvuke, uwe jikoni kwa Mama Aune na bunduki mkononi. Usiipake mafuta kuificha mbao nyeupe. Sylvi atakuwapo. Nimemweleza bibi yote. Hakulia, aliuliza kama bado unaogopa moto kama ulipokuwa mtoto. Ameshautenga msumari kando ya jiko. Utaushika wewe, uupashe mpaka uwe mwekundu, na utaliandika jina la Onni pale ulipolichuna, herufi moja moja, yeye akikutazama.

Dada yako,
Lempi