Filimbi ya Mama Nduku

Mwende mjukuu wangu,

Huku Katangi tuko salama, na ng'ombe amezaa. Umeniuliza kama ni mtego, mwenyekiti wa kwaya kukuachia kiti akiwa bado na nguvu.

Nikiwa msichana, Mama Nduku aliongoza mwethya wetu, kikundi cha kuchimba matuta. Siku moja aliniwekea mikono kichwani mbele ya wote, kama Musa na Yoshua, akanipa filimbi yake. Angengoja kufa, tungeigombania. Kisha akapanda kilima peke yake. Tulifuata nyayo zake hadi juu. Za kurudi hazikuwepo, wala kaburi hatukuliona.

Kesho yake nilipoipuliza kuita watu, filimbi ilikuwa na joto, kana kwamba imetoka mdomoni mwa mtu. Haijapoa mpaka leo.

Nimeifunga ndani ya barua hii. Usiogope joto lake. Puliza.

Susu yako