Swali la Mahindi

Mjukuu wangu Rehema,

Hapa Chiola hatujambo. Babu yako anapalilia ufuta huku akiyalaumu magoti.

Umeniuliza kuhusu lile swali la mtihani unaosahihishwa na kompyuta, ambalo wanafunzi wazuri wanalikosa na wanaobahatisha wanalipata, na mkubwa wako wa kazi anataka libaki kwenye benki ya maswali.

Nilipokuwa mwalimu kijana kule Chinongwe, tuliletewa mtihani uliouliza wakulima hupanda mahindi mara ngapi kwa mwaka. Jibu lililoletwa lilikuwa "mara mbili". Watoto wangu bora walichagua "mara moja", kwa sababu huku msimu wa mvua ni mmoja na jembe wanalishika wenyewe. Waliopata ni wale waliokuwa wakibahatisha tangu swali la kwanza.

Mratibu wa elimu akasema, "Mwalimu, sahihisha kama ulivyoletewa."

Nikamnyooshea kalamu. "Basi wakoseshe wewe."

Hakuipokea. Nami sikusahihisha.

Mratibu yule alikuwa mtu, aliwatazama watoto akaona haya. Kompyuta haioni haya, itawakosesha watoto kama wale kila mwaka. Litoe hilo swali. Wakikuuliza nani kakuruhusu, wape jina langu.

Bibi yako