Mkate wa Siku ya Mwanzilishi

Skelbeck, 9 Novemba 2023

Dada Enid mpenzi,

Vipi hali yako na huo upepo wa Whitby? Mimi mzima, ukiacha goti linalonisumbua mvua ikinyesha, yaani kila siku.

Mzee Pargeter amefariki. Mungu amrehemu, ila nilikuwa nikiisubiri nafasi yake tangu nistaafu. Unaijua desturi ya shule yetu: Siku ya Mwanzilishi, mwanafunzi wa zamani aliye mkubwa kuliko wote hukata mkate wa zabibu pamoja na mtoto mdogo kuliko wote, kisha hutaja shule yake na mwaka alioingia. Karne nne sasa. Nilidhani zamu ni yangu. Kumbe kamati imeamua kwamba, tangu shule yenu ya wasichana iunganishwe na yetu mwaka 1973, nanyi ni wa kwetu. Basi mkubwa ni wewe, na sijui mama alikuwa na haraka gani ya kukuzaa kwanza. Utakuja Machi?

Mdogo wako,
Wilf

Whitby, 20 Novemba 2023

Wilf mdogo wangu,

Barua nimeipata, nami nashukuru napumua, japo ngazi zinanishinda. Pole kwa Pargeter, na pole zaidi kwa mkate.

Siji. Hamkutuunganisha, mlitumeza. Jengo letu la Mtaa wa Priory limekuwa fleti, na kitabu chenu cha historia kinatupa aya moja, kama jirani aliyekuja kuazima sukari. Hata Bi Thackray hayumo, mwalimu mkuu aliyetufundisha hesabu ndani ya handaki mabomu yakianguka. Mpaka leo nakumbuka harufu ya chaki na makoti mabichi, na natamani kurudi hata kwa asubuhi moja. Nikisimama ukumbini kwenu, niseme shule gani? Kata wewe. Umekililia kisu hicho tangu unavaa kaptula.

Dada yako,
Enid

Skelbeck, 14 Januari 2024

Dada,

Heri ya mwaka mpya. Binti yako Jean ananiambia kifua kimekubana. Kunywa supu, acha ubishi.

Nimegombana na kamati. Mwenyekiti, kijana wa miaka sitini, akasema, "Mzee, historia imeshaandikwa." Nikamjibu, "Basi andikeni tena, mimi siendi popote." Wamekubali. Utaitaja shule yako kwa jina lake, na Bi Thackray pia. Njoo. Kisu sikitaki tena, nataka kukuona umesimama pale.

Mdogo wako,
Wilf

Whitby, 22 Januari 2024

Wilf,

Nakuja. Jean ananipigia pasi sketi ya kijivu. Kifua bado, lakini Machi ni mbali. Usije ukalia mbele ya watoto.

Dada yako,
Enid

Skelbeck, 16 Machi 2024

Dada,

Sina wa kumuuliza hali, ila mkono umezoea. Tangu tukuzike sijapata usingizi wa maana.

Jana walinipa kisu. Nilikishika nikakichukia. Mtoto aliyekata nami, Poppy, akaninong'oneza, "Babu, ni kizito?" Nikamwambia, "Ndiyo, nisaidie kushika."

Ilipofika kutaja shule, niliiacha yangu, nikasema, "Shule ya Wasichana ya Mtaa wa Priory, mwaka 1941. Mwalimu mkuu, Bi Thackray." Kisha kule nyuma bibi mmoja akainuka, akiegemea kiti. Akainuka wa pili, na wa tatu. Siwajui, Enid, lakini wewe ungewajua. Walisimama mpaka tukamaliza kukata.

Mdogo wako,
Wilf