Wingu Lisilo na Kishindo

Granada, Ijumaa

Iñaki,

Hujambo huko Ujerumani? Huku theluji imefunga barabara ya kupandia kwenye darubini, na paka wako amezaa kabatini, juu ya koti lako.

Nimesoma makala yako. Unasema nyota changa ililipiga lile wingu letu la vumbi la angani kwa mkondo wa gesi, vumbi likapasuka kwa kishindo, na silikoni iliyofungwa ndani ikatoka. Jina langu halimo. Nilipokupigia ulicheka: "Wewe ulishika darubini tu, mpenzi. Kufikiri nilifikiri mimi."

Basi, kabla theluji haijaanguka, nikaishika tena. Nililenga kando kidogo ya wingu, na mawimbi ya redio ya silikoni yakapata nguvu zaidi. Yanatoka kwenye nyota kongwe iliyo mbali, nyuma ya ukingo wake. Hakuna kishindo, Iñaki. Wingu limetulia tuli.

Ningeweza kukuambia kwanza. Nimewaandikia waliokuajiri kwa sababu ya makala hiyo, na wamenishukuru sana.

Jana nilimkuta mama yako sokoni, akichagua samaki.

"Nieves, mwanangu atarudi lini?"

"Hivi karibuni, mama," nikamwambia. "Mtandikie kitanda."

Nieves