Siku Mbili Hadi Mombasa

Mjukuu wangu Chebet,

Hapa Merigi sisi ni wazima. Mama yako amemaliza kuvuna mahindi, na ng'ombe wako amezaa ndama jike.

Umeuliza zamani watu walitumia siku ngapi kutoka Kisumu hadi Mombasa. Ni siku mbili kwa gari la moshi. Mimi nililijua hilo kwa sababu ya wivu.

Dada yangu Tabutany aliolewa na mpishi wa Wazungu, akaenda kukaa Mombasa. Aliporudi kututembelea, baba, ambaye hakuwahi kukaa kunisikiliza mimi, aliacha chakula kipoe akimsikiliza yeye. Dada aliposema safari ya Kisumu hadi Mombasa ni siku mbili, moyo uliniwaka. Nikawaambia majirani wote kwamba ni mwongo, wakaanza kumcheka.

Kisha nikataka ushahidi. Nilitembea hadi stesheni ya Lumbwa, njiani nikilala kwa shangazi huko Kericho, nikamuuliza karani wa tikiti.

"Siku mbili," akasema. "Unasafiri?"

Nilirudi nyumbani miguu imevimba, nikamweleza dada yote. Hakunigombeza. Alileta maji ya moto akaanza kunikanda.

"Na mimi nilikuonea wivu," akasema. "Kule nililia kila jioni nikiwaza kwamba wewe unakula na mama."

Asubuhi nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaambia majirani kwamba mwongo nilikuwa mimi.

Ni mimi, bibi yako anayekuwaza.