Nani Anapiga Besi Leo?

Jumanne, Xiaobei

Pasipoti bado iko kwa watu wa viza, wameniambia tena nisubiri. Baba anazidiwa hospitalini Dar na mimi nimekwama huku kwa Wachina.

Leo madukani Zhanqian Road nimeona fulana zenye picha ya ile bendi ya roki ya Marekani aliyoipenda Baba. Nikamuuliza muuzaji kama anawajua.

"Nembo tu hiyo, rafiki yangu."

Nilikasirika. Ni watu wale! Baba alitusimulia walivyoanza, vijana wa shule moja wakipiga ndani ya gereji ya mzazi mmoja mpaka majirani wakachoka. Yeye na wenzake wa Ilala wakawaiga, wakaunda bendi yao kwa magitaa ya kuazima. Sisi watoto tumekua na nyimbo hizo.

Jioni mdogo wangu Rehema alimwekea Baba simu sikioni.

"Baba, ni mimi, Mwanaidi."

"Sikujui," akasema.

Nikaanza kuimba wimbo mmoja wa bendi ile, vibaya, huku nalia.

"Besi iko wapi?" akauliza kwa ukali. "Nani anapiga besi leo?"

"Mimi."

"Basi piga!"

Nikapiga kwa mdomo, dum, dum, mpaka Rehema akachukua simu na kuniambia Baba amelala.

Jina langu hakulitaja. Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni kwa watu wa viza, wanifukuze wakitaka. Ya Rabi, anisubiri tu.